Septemba tatu: yaliyonipata nikisubiri unyakuo

Jumapili ya tarehe 21 Septemba 2025, saa nne usiku, mpwa wangu anayesoma chuo Dodoma alinipigia simu. Hakungoja hata niitikie shikamoo yake. "Mjomba, ni kweli ni keshokutwa?" Alikuwa ameona TikTok video za mhubiri mmoja wa Afrika Kusini aliyesema Yesu atalinyakua kanisa, yaani atawachukua waumini wake juu mbinguni, tarehe 23 na 24 mwezi huo. Dada yangu alikuwa ameshamtumia ada ya mwaka mpya wa masomo, na binti anayelala naye chumba kimoja alikuwa anamshauri asiilipe, aitoe sadaka.

Nilikaa kitako. Maneno yale niliyajua yote, kwa kuwa mimi mwenyewe niliyasema miaka mitano nyuma, na kila aliyejaribu kunizuia nilimwona hana imani. Nilimsimulia mpaka salio likakata. Asubuhi nikaona niyaandike, maana wenye umri wake ni wengi na si wote wana mjomba aliyekwisha kuungua.

Nimezaliwa Same. Baba Mlutheri, mama katoka ukoo wa Wasabato wa milimani. Wasabato wako Upare tangu 1903, na babu mzaa mama alikuwa mwalimu wa Biblia wa kupigiwa mfano. Likizo zote tulipelekwa kwake. Jioni alichukua chaki akachora kwenye ubao wa mlango ile sanamu ya Nebukadreza katika Danieli sura ya 2: kichwa cha dhahabu Babeli, kifua cha fedha Umedi na Uajemi, tumbo la shaba Uyunani, miguu ya chuma Rumi, nyayo za chuma na udongo mataifa ya Ulaya yasiyoshikamana. Kisha jiwe la kuivunja yote, ufalme wa Mungu. Tulikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Tukirudi Same, usharikani hatukuiona sanamu hiyo. Mchungaji akimhubiri Danieli alimhubiri ndani ya tundu la simba, na Jumapili za mwisho kabla ya Majilio alitusomea wanawali kumi, akatuuliza kama taa zetu zina mafuta. Kwa babu unabii ulikuwa historia yenye miaka. Kwa baba ulikuwa wito wa kutubu. Nilidhani tofauti ya nyumba hizo mbili ni Jumamosi na Jumapili tu. Hakuna aliyeniambia kwamba tofauti iko pia katika namna ya kusoma, na hapo ndipo nilipokuja kuponzwa.

Mwaka 2017 nilikuwa Mbagala, wakala wa fedha kwa simu, kibanda changu mwenyewe. Mwezi wa nane mteja mmoja alinionyesha video iliyokuwa inazunguka WhatsApp. Ilisema tarehe 23 Septemba 2017 jua litakuwa katika kundi la nyota la Mashuke, linalochorwa kama mwanamwali, mwezi ukiwa miguuni pake, na juu ya kichwa nyota tisa za kundi la Simba pamoja na sayari tatu, jumla kumi na mbili. Ufunuo 12:1: mwanamke aliyevikwa jua. Nilitetemeka. Kwa mtoto aliyelelewa na chaki ya babu, hesabu inayokubali ni sawa na sauti ya Mungu. Tarehe ikapita, hakuna kilichotokea, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kusali na kikundi cha yule mteja kwenye ukumbi wa kukodi. Jina la huduma ile silitaji, wala la mtumishi aliyeiongoza. Bado ana watoto pale mtaani.

Mtumishi alifundisha kwamba kanisa litanyakuliwa kimya kimya, kisha ije dhiki kuu ya miaka saba, kisha Kristo atawale Yerusalemu miaka elfu moja. Alikuwa na chati ya majuma sabini ya Danieli sura ya 9, kila juma likihesabiwa miaka saba, na kwa kuwa babu naye aliyajua majuma hayo, niliona nimefika nyumbani. Sikugundua kwamba hesabu zilikuwa mbili. Babu aliyahesabu mfululizo kuanzia amri ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, mwaka 457 KK, juma la sabini likaisha mwaka 34 BK. Kwa mtumishi majuma sitini na tisa yalikwisha, saa ikasimamishwa, na juma la mwisho bado halijaanza mpaka leo. Aya moja, mmoja anasema imekwisha, mwingine anasema inakuja. Nami nilikaa miaka mitatu chini ya chati ile bila kuuliza saa ilisimamishwa na nani.

Mwaka 2019, kuanzia tarehe 1 Mei, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchini, na ili usajiliwe ulihitaji namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Kwa mtumishi hiyo ilikuwa Ufunuo 13, chapa ya mnyama ambayo asiye nayo hanunui wala hauzi, imetembea na miguu yake: kidole ni mkono, namba ni chapa, na bila laini hununui wala huuzi. Jirani zetu Wakenya mwaka huohuo walisikia maneno hayohayo juu ya Huduma Namba, namba yao ya utambulisho. Nilikataa kwenda NIDA. Wateja waliponiuliza niliwahubiria. Tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka 31 Desemba hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zangu zikafungwa, ya kawaida na ya uwakala, na floti yangu, fedha za kuhudumia wateja, karibu milioni moja na laki nane ikabaki humo humo. Floti ile niliipata baadaye nilipojisajili. Wateja sikuwapata. Walivuka barabara kwa wakala wa ng'ambo, na hata leo wako huko.

Kisha ikaja Machi. Tarehe 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na kuanzia siku ile kila habari ya redioni ilikuwa na mstari wake kwenye Biblia ya mtumishi. Nataka nieleze hali ya moyo wangu vizuri, kwa sababu watu hudhani mtu wa namna hii anaishi kwa hofu. Nilikuwa na furaha. Biashara imekufa, dunia inaugua, na mimi peke yangu nyumbani najua maana yake. Furaha ya kujua siri inalevya kuliko hofu, na ukiiona kwa mwanao au ndugu yako usimcheke wala usianze kubishana naye tarehe. Muulize anapoteza nini. Mimi hakuna aliyeniuliza, na kama angeuliza ningejibu, maana nilikuwa najivunia hasara zangu.

Juni niliuza kiwanja cha Chanika kwa milioni nne na nusu. Milioni tatu nilizipeleka madhabahuni, sadaka ya mavuno ya mwisho, zilizobaki tukala. Mke wangu hakujua. Mtumishi alikuwa amesema tusiwashirikishe wasio na ufunuo, na mimi nikamweka humo mama wa wanangu, mwanamke aliyelipa nusu ya bei ya kiwanja kile kwa fedha za vitenge. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo ambalo sijui hata leo namna ya kulirudisha. Kwa hiyo nakuambia wewe unayesoma: mafundisho yoyote yakikutaka umfiche mwenzako jambo la fedha, ondoka siku hiyohiyo, usingoje ibada iishe.

Lipo jambo la pili ambalo lilikuwa mikononi mwangu na sikuliona. Mwezi Julai nilitumwa kupeleka kodi ya ukumbi. Miezi sita, hadi Desemba. Na kwa wakati huo tulikuwa tumeshaambiwa kwamba unyakuo ni Septemba, katika sikukuu ya Baragumu ya Walawi 23. Nilizihesabu noti, nikachukua risiti, nikarudi kuomba.

Usiku wa Ijumaa tarehe 18 Septemba 2020 tulikesha. Tulikuwa watu kama arobaini, kina mama wamevaa nyeupe, watoto wamelala kwenye mikeka. Saa sita nilimsamehe kila mtu. Saa tisa niliogopa. Adhana ya alfajiri iliposikika kutoka msikiti wa jirani, hakuna aliyeinua uso. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa ameacha dawa zake za presha wiki nzima akinyanyuka taratibu, akauliza kama kuna mtu ana nauli. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mke wangu alikuwa anakanda unga wa chapati. Alinitazama tu, akasema, "Baba watoto, unaumwa?" Nikamwambia yote, hadi kiwanja. Hakupiga kelele. Aliendelea kukanda unga ule mpaka ukaharibika.

Wiki iliyofuata mtumishi alieleza kwamba kalenda ya Kiyahudi ina mwezi wa kuongezwa, kisha akaeleza kwamba tumepewa muda wa neema, kisha akaeleza kwamba imani yetu ilikuwa ndogo. Nilikuwa na daftari la mahubiri tangu 2017. Nilipolirudia nilikuta tarehe tatu zilizopita, na kila moja ilipopita palikuwa na maelezo. Unaposikiliza hukumbuki, daftari linakumbuka. Kumbukumbu la Torati 18:22 imo kwenye Biblia niliyoibeba mkononi miaka yote hiyo: jambo alilonena nabii lisipotimia, BWANA hakulinena, na mtu huyo usimwogope.

Miezi mitano sikusali. Aliyenirudisha alikuwa mjomba wangu, mzee wa kanisa huko milimani, Msabato kama babu. Nilimtarajia aje na kipigo cha maneno. Alikuja na ndizi, akaketi, akanisimulia habari za tarehe 22 Oktoba 1844. Wafuasi wa William Miller, mkulima Mbaptisti wa jimbo la New York, walisoma Danieli 8:14, zile jioni na asubuhi 2300, wakazigeuza kuwa miaka, wakaanzia 457 KK, wakapata siku ambayo Kristo angerudi. Wengine waliacha mazao shambani. Kulipokucha walilia. "Mwanangu," akasema, "kanisa letu lilizaliwa na watu walioamka asubuhi kama yako. Ndiyo maana sisi tarehe hatuweki tena." Akaongeza kwamba hesabu ile Wasabato hawakuitupa; walisema kilichoanza siku ile ni kazi ya Kristo katika patakatifu pa mbinguni. Unaweza kulikubali jibu hilo au usilikubali. Mimi bado nalitafakari. Lakini katika watu wote, yeye peke yake hakunicheka wala hakunihurumia kwa mbali.

Nilimuuliza habari za alama za vidole. Akashangaa. Kwa Wasabato chapa ya mnyama ni suala la ibada, la nani anatiiwa katika amri ya Sabato wakati sheria itakapolazimisha vinginevyo. Laini ya simu haimo. Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Kama watu wanaoamini unabii kuliko wengi wetu hawaoni chapa kwenye NIDA, basi niliyoyapokea kama Biblia yalikuwa usomaji mmoja wa Biblia.

Nikaanza kuzunguka. Karibu mwaka mzima nilikwenda kwa watu na swali moja tu mkononi: mwanamke wa Ufunuo 12 ni nani? Nakushauri ufanye hivyo. Usiulize "unaamini nini kuhusu siku za mwisho," utapewa hotuba. Chukua aya moja, ipeleke kwa watu wanne, kaa kimya, andika.

Mjomba alisema mwanamke ni kanisa safi la Mungu, na zile siku 1260 alizofichwa nyikani ni miaka 1260, kutoka 538 hadi 1798, mwaka ambao jeshi la Wafaransa lilimchukua mateka Papa Pius wa Sita. Kanuni ya siku kuwa mwaka aliitoa Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Mjini, mchungaji mmoja wa Kipentekoste, siyo yule wangu, alisema mwanamke ni Israeli, na siku hizo ni siku za kawaida, miaka mitatu na nusu ya dhiki ambayo bado haijafika. Jirani yetu mama katekista wa kigango alinishangaa kwa kutojua: aya ile husomwa kila tarehe 15 Agosti, sherehe ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni; mwanamke ni Maria, na pia ni Kanisa na taifa la Mungu, vyote kwa pamoja, kwa sababu ishara haina sharti la kuwa na maana moja. Mchungaji wa Kilutheri alisema ni watu wa Mungu wa agano la kale na jipya, waliomzaa Masihi na wanaoteswa kwa ajili yake, na kwamba zile siku ni namna ya kusema kwamba mateso yana mpaka.

Watu wanne, Biblia ileile ya Kiswahili, wote wanasali kwa machozi. Nilipoyapanga maandishi yangu mezani niliona njia ambazo wasomi wameshazipa majina, ila hakuna mhubiri anayezitangaza akipanda mimbarini. Wapo wanaoona unabii umetimia zaidi katika siku za mitume na dola ya Rumi. Wapo wanaouona ukitimia hatua kwa hatua katika historia yote, kama babu. Wapo wanaousogeza karibu wote mbele, kama mtumishi. Na wapo wanaousoma kama picha ya vita ya kila kizazi. Wengi huchanganya.

Mama katekista ndiye aliyenifungulia 666, namba ya yule mnyama wa Ufunuo 13. Herufi za Kiebrania zina thamani ya namba, akasema. Andika "Neroni Kaisari", jina la mtawala wa Rumi, kwa Kiebrania, jumlisha, utapata 666. Na baadhi ya nakala za kale zina 616, ambayo ndiyo jumla ukiliandika jina hilo kwa umbo lake la Kilatini. Yohana aliwaandikia makanisa saba ya Asia yaliyokuwa chini ya Rumi, watu waliojua vizuri maana ya kushindwa kununua na kuuza kwa sababu ya kukataa kumwabudu mfalme. Nilijisikia vibaya. Kwa miaka mitatu sikuwahi kufikiria kwamba barua ile ilikuwa na wapokeaji kabla yangu.

Mchungaji wa Kilutheri naye alinionyesha Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 17, linalokiri kurudi kwa Kristo na kukataa fundisho la ufalme wa watakatifu duniani kabla ya ufufuo. Nikamuuliza kama basi Walutheri wamenusurika na mambo ya tarehe. Akatikisa kichwa. Luther mwenyewe aliamini siku ya mwisho iko karibu sana, na rafiki yake Michael Stifel, mchungaji wa Lochau huko Ujerumani, alipiga hesabu akatangaza mwisho utakuwa tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Luther alimwonya, hakusikia. Waumini waliacha kazi wakatumia walichokuwa nacho. Akakamatwa. Baadaye akawa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ile. Habari hiyo ilinisaidia kumwachilia mtumishi moyoni mwangu, kwa sababu nilikuwa nimeng'ang'ania kwamba ni tapeli. Labda alikuwa. Lakini mtu msomi na mkweli naye anaweza kukupoteza, na hilo ni la kuogopa zaidi, kwa kuwa kumchunguza tabia hakukusaidii. Itakubidi uchunguze hesabu yake.

Yule mchungaji wa Kipentekoste alinikasirikia, na nilimpenda kwa hasira yake. Yeye anahubiri unyakuo kila mwaka. Alisema mafundisho hayo katika umbo letu la leo yalienezwa na mhubiri John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830 na yakasambaa zaidi kwa Biblia yenye maelezo ya Scofield ya 1909, na hana aibu nayo kwa sababu anayaona katika 1 Wathesalonike 4:17. "Lakini anayeamini Kristo anaweza kuja saa yoyote, anawezaje kutaja tarehe? Akiitaja, ameshasema hatakuja leo." Sikuwahi kulisikia jambo hilo likisemwa hivyo. Kisha akanielekeza barua ya pili, sura ya tatu, ambapo Paulo anawakemea Wathesalonike wasiofanya kazi. Wale waliokuwa wa kwanza kuandikiwa habari za kunyakuliwa ndio waliokuja kuambiwa kwamba asiyetaka kufanya kazi, kula chakula asile.

Aprili 2023 habari za msitu wa Shakahola, Kilifi, zilipoanza kutangazwa, nilizima televisheni. Watu waliambiwa wafunge ili wamwone Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Kabla yake kulikuwa na Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ndani ya kanisa lililoungua. Watu husema, "Mimi siwezi." Nilikuwa ukumbini na mzee aliyeacha dawa za presha, na sikumwambia neno.

Sasa nasoma hivi, na ndivyo nilivyomwambia mpwa wangu simu ilipopata salio tena. Kabla ya kusikiliza video yoyote, soma kitabu kizima. Danieli ni sura 12 tu, Ufunuo 22, jioni mbili zinatosha kwa kila kimoja. Mhubiri akitaja aya, rudi nyuma sura moja na uende mbele sura moja. Muulize uso kwa uso: hili unalisema limetimia, linatimia, au litatimia, na nani kabla yako alilisoma hivyo? Mzuri atafurahi kuulizwa. Na uamuzi wa mali, masomo au dawa uupe siku arobaini, pamoja na mtu mmoja asiyesali mnaposali. Septemba itarudi kila mwaka, maana sikukuu ya Baragumu karibu kila mwaka huangukia humo, na watu wataendelea kuipigia hesabu.

Aliniuliza kama nimeacha kuamini kwamba atarudi. Sijaacha. Wote wanne niliowauliza wanakiri kwamba atakuja kuwahukumu wazima na wafu, na hapo sauti zao zilifanana mpaka nikapata baridi.

Jumatatu alilipa ada, akanitumia picha ya risiti. Nilimwonyesha mke wangu. Alivaa miwani, akaisoma tarehe na kiasi, akanirudishia simu bila kusema kitu. Ana akaunti yake benki siku hizi, anaweka akiba ya kiwanja kingine, na sijawahi kumuuliza imefika ngapi.